Shikamoo Niliyoikataa

Ukiwa na mtu aliyepooza nyumbani kwako na maneno yamempotea, usimpime kwa salamu. Usimuulize habari za asubuhi, akakujibu "nzuri", ukatoka nje kuwaambia ndugu kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Mimi nilijibu "nzuri" kuanzia kiangazi hadi mvua zilipoanza, na ndani yangu hakukuwa na kizuri hata kimoja. Haya ninayoyaeleza nimeyasema polepole, siku nyingi, binti yangu Minza akiyaandika. Pale nilipokwama alinisubiri. Nataka wenye wagonjwa wa aina yangu wajue kilichonipata, na kilichompata Bi Mbuke, jirani yangu wa kitanda.

Kabla ya kuugua nilikuwa mama lishe Rwamgasa. Banda langu lilikuwa karibu na karasha za kusagia mawe ya dhahabu, na wateja wangu walikuwa wachimbaji wanaokuja wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Waliniita Redio, kwa sababu sikunyamaza. Niliwatania, niliwagombeza, niliwasuluhisha waliogombana duarani, kule kwenye mashimo yao, na aliyekosa mke nilimtafutia. Mdomo ndio uliouza ugali wangu kuliko hata mchuzi.

Asubuhi moja nilikuwa nachota supu. Mkono wa kulia ukalegea, upawa ukaanguka, mguu nao ukaniacha. Niliona nazama. Nikakusanya nguvu zote nipige kelele, "Nisaidieni!" Kilichotoka kinywani mwangu, kwa sauti nzuri kabisa ya biashara, ni "Karibuni chai!"

Wateja wakacheka. Wawili wakaingia na kukaa kwenye benchi. Nilikuwa nimeegemea nguzo ya banda, naenda chini, nasema tena, "Karibuni, karibuni chai," na wao wakasema leo Redio ana vituko. Mpaka mmoja alipoona mate yananitoka upande mmoja wa mdomo ndipo aliposimama akaita wenzake. Walinipakia kwenye gari la abiria wakanikimbiza Geita hospitali, na njiani kote kila aliyeniuliza "Mama Shija, unanisikia?" nilimjibu karibu.

Nililazwa Geita hadi presha iliposhuka. Kisha ukaanza ugomvi wa ndugu. Kaka yangu alisema huu si ugonjwa wa hospitali, nimetupiwa kitu na wenye wivu na banda langu, nipelekwe kwa mganga. Mwanangu Shija akakataa. Daktari alisema nahitaji mazoezi ya viungo na ya kuongea, Shija akaambiwa Shinyanga mjini kuna wanaofundisha yote mawili. Minza ameolewa huko, anakaa Ngokolo, lakini yeye na mumewe wana chumba kimoja na sebule. Kwetu Wasukuma mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe, wala mkwe hawezi kumwona mama mkwe akibebwa kwenda kuogeshwa. Shija naye ni mwanamume, hawezi kumwosha mama yake. Walikaa nje ya wodi wakabishana, nikiwasikia kila neno. Mwisho wakakubaliana nipelekwe kwenye makao ya kulelea wazee na wagonjwa, palepale Ngokolo, ili Minza awe anakuja kila siku.

Minza alilia siku aliyonifikisha. Watu wa mtaani walishaanza kumwambia kwamba amemtupa mama yake. Nilitaka kumwambia, mwanangu, hukunitupa. Nikamwambia, "Asante, Mungu akubariki," na yeye akaona namsimanga, akalia zaidi.

Tulikuwa chumba cha wanawake. Kitanda changu kilikuwa cha pili kutoka dirishani, na cha dirishani kilikuwa cha Bi Mbuke. Alikuwa mzee kunizidi, mtu wa vijijini huko Shinyanga, aliyevunjika nyonga akichuma pamba. Mfupa haukuunga. Mume alikwishafariki, watoto wake wawili walikwishafariki, na ndugu wa mume walimleta pale wakaondoka. Kiswahili alikisikia vizuri ila akikijibu alichanganya na Kisukuma. Ukimsalimia, hata kama uso wake umekunjamana kwa maumivu, jibu lake lilikuwa moja: "Mhola duhu." Ni mzima tu, hakuna tatizo.

Kwa wasiotujua, niseme hivi. Mhola ni amani, ni uzima. Msukuma ukimuuliza mhola atakujibu mhola, hata kama ametoka kuzika. Kwanza salamu ziishe, mtu akae, apewe kigoda, apumue. Ndipo atakwambia kwamba nyumbani kuna msiba. Anayeondoka kabla salamu hazijaisha huondoka na mhola peke yake.

Matroni wa makao yale hakuwa mtu mbaya. Chakula tulipata, dawa zangu za presha sikukosa, na siku za mazoezi nilipakiwa kwenye bajaji mapema nikapelekwa hospitali. Huko nilijifunza kukaa kwenye mabenchi. Unakaa mpaka makalio yanakufa, wanaita majina, la kwako haliitwi, mtoto wa mtu anakulalia mapajani bila kukujua. Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea alinionyesha picha ya kikombe. Nilikijua. Nimeosha vikombe maisha yangu yote. Nikasema, "Shikamoo." Akamwelezea Minza kwamba maneno yanayotoka yenyewe, salamu, shukrani, sala, yamebaki, na ya kutafuta ndiyo yamepotea. Minza aliitikia kwa kichwa kama ameelewa, lakini jioni alipokuja aliniuliza, "Mama, leo unajisikiaje?" Nikamjibu nzuri. Akafurahi.

Shida ya makao ilikuwa mikono. Siku za kazi walikuwepo walezi wa kutosha. Ikifika Jumamosi anabaki mlezi mmoja tu, Leticia, na Leticia ana jiko, ana nguo, ana chumba cha wanaume na chumba chetu. Mimi nilijivuta kwa mkono wa kushoto nikajigeuza. Bi Mbuke hakuweza. Alivyolazwa Ijumaa jioni ndivyo alivyokutwa Jumatatu, chali, akitazama dari.

Kiangazi kilipokolea, vumbi likiingia dirishani kila mchana, nikaanza kusikia harufu. Mwanzoni nilidhani ni panya amekufa darini. Kisha siku moja Leticia alipomnyanyua amwoshe niliona shuka limeganda mgongoni, na niliona Bi Mbuke anang'ata meno asipige kelele. Leticia akaguna, akaenda kumwambia matroni. Matroni akasema ataitwa daktari aje kuona. Kidonda kikawa kinaoshwa kwa maji ya chumvi, na daktari hakuonekana.

Nilijaribu kusema. Minza alipokuja na machungwa nilimwonyesha Bi Mbuke kwa kidole, nikaonyesha tena na tena, jasho likinitoka. Nilitaka neno kidonda. Nikapata "Karibu." Minza akasema, "Ooh, unataka nimgawie bibi?" Akammenyea chungwa. Bi Mbuke akala, akashukuru, akajifunika kanga mpaka shingoni. Minza alipotoka, Bi Mbuke aligeuza uso akaniambia taratibu, nusu Kisukuma nusu Kiswahili, "Mayu, mama yangu, usiniseme. Wakijua naoza watanirudisha kwa shemeji zangu. Huko nitalala wapi? Bandani na mbuzi?"

Nikabaki na hilo. Mwenye mwili hataki isemwe, na mimi mwenye macho siwezi kusema.

Wakaguzi wa ustawi wa jamii walikuja mara ya kwanza mwishoni mwa kiangazi. Tulijua wanakuja, kwa sababu mashuka yalibadilishwa yote na chumba kikapigwa dawa mpaka macho yakawasha. Tulipikiwa wali na nyama. Aliingia baba mmoja mtu mzima, mpole, na matroni pembeni yake. Alisimama mlangoni akasema, "Habari zenu wazee wetu?" Chumba kizima kikajibu, "Nzuri!" Akapita kitanda kwa kitanda. Akafika kwangu.

"Mama, unaendeleaje?"

Nilijua hii ndiyo nafasi. Nilikuwa nimeisubiri tangu mashuka yalipobadilishwa. Nikafungua mdomo, na mdomo ukasema kwa adabu zake zote, "Nzuri, baba, namshukuru Mungu."

"Wanakuhudumia vizuri?"

"Vizuri, asante."

"Huyu anaongea vizuri kabisa," akamwambia matroni, akafurahi kwa ajili yangu. Akamgeukia Bi Mbuke. Alikuwa Msukuma mwenzetu, akamsalimia kwa lugha yake. "Mhola?"

"Mhola duhu, baba."

Akaandika, akatuaga, akaenda chumba cha wanaume. Nililia kwa sauti. Leticia alikuja akanifuta machozi akasema, "Umefurahi kupata wageni, eeh, Mama Shija?" Nilitamani kumuuma kidole.

Sijawahi kuuchukia mdomo wangu kama siku zile. Ulinilisha miaka yote Rwamgasa, ukanilelea watoto baada ya baba yao kufariki, na sasa ulikuwa unanisengenya mimi mwenyewe mbele ya watu. Kila uchungu niliotaka kuutoa, wenyewe uliupaka asali. Nikawa sitaki kula. Kwenye mazoezi sikujitahidi. Mtaalamu akaniuliza kulikoni, nikamjibu salama.

Sasa nitaeleza jambo lililomuumiza Minza, na amekubali liandikwe. Ilikuwa Jumapili mchana. Leticia alikuwa jikoni. Bi Mbuke alikuwa anatetemeka kwa homa chini ya kanga, na nzi walikuwa wanazunguka mahali ambapo sitaki kupataja. Koo langu lilikuwa limejaa kilio mpaka hakipiti kitu. Minza akaingia, ametoka kanisani, amependeza. "Shikamoo mama."

Sikujibu. Sikukusudia, koo lilikuwa limeziba tu.

Akadhani sijasikia. Akarudia. Nikamtazama, nikanyamaza. Niliona uso unamsawijika. Mfuko aliokuja nao ukamtoka mkononi, akapiga magoti sakafuni na gauni lake la kanisani. "Mama, nimekosa nini? Mama, niitikie. Usiniache hivi." Akanishika mguu, ule uliokufa. Mama kukataa shikamoo ya mwanawe wa kumzaa si jambo dogo kwetu. Mtu huondoka hapo akidhani ameikosa radhi. Alimpigia Shija simu akilia, na Shija akapanda basi kutoka Geita siku iliyofuata. Wakakaa wawili kando ya kitanda wakijichunguza. Ni kwa sababu tulikuleta hapa? Ni banda tulilolikodisha? Walitaja makosa ambayo hata sikuyajua. Hawakugeuza shingo kutazama kitanda cha dirishani, kwa sababu kila mmoja alikuwa anajitazama mwenyewe. Mwishowe nikawaitikia, "Marahaba, wanangu," na wote wakashusha pumzi.

Nilisikitika kwa kuwatesa. Lakini baada ya wao kuondoka nililala macho wazi nikifikiri. Tangu niugue, nilikuwa nimesema maelfu ya maneno na hakuna aliyenisikia. Nilikaa kimya mara moja tu, mtoto akasafiri kutoka Geita.

Wakaguzi walirudi mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, na safari hii hawakutoa taarifa. Mashuka yalikuwa yaleyale. Aliyeingia chumbani kwetu alikuwa binti, umri kama wa Minza, viatu vimejaa tope, na matroni nyuma yake anafunga kilemba haraka. Binti alikwenda kitanda kwa kitanda. Sikuwa na muda mrefu. Nilivuta pindo la kanga kwa mkono wa kushoto, nikaliingiza mdomoni, nikaling'ata.

"Shikamoo mama," akasema, akikunja goti kidogo.

Wenye afya hawawezi kujua kazi ile. Marahaba ilikuja yenyewe mpaka kwenye meno. Ilinisukuma kama chafya. Nikang'ata.

"Leo amechoka," matroni akacheka. "Huyu ana heshima sana, na anaongea."

"Shikamoo mama," binti akarudia, akainama zaidi.

Wazee wa vitanda vingine wakainua vichwa. "Mama Shija!" matroni akaniita kwa ukali. "Umesalimiwa!"

Machozi yakanishuka, lakini sikuachia kanga. Yule binti alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, tope na vyote. Akaweka karatasi zake chini.

"Mama, mimi nimekukosea?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi una neno. Mama yangu hakatai shikamoo bila neno. Nionyeshe, nina muda."

Nikaunyoosha mkono wa kushoto kuelekea dirishani. Matroni akasema, "Hao ni marafiki, wanapendana sana, hata machungwa wanagawana." Binti hakumjibu. Alinifuata mkono kwa macho, akainuka, akaenda kwa Bi Mbuke.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mhola duhu, mayu."

"Naomba niutazame mgongo wako."

"Mhola duhu," Bi Mbuke akasema, na akaishika kanga yake kwa mikono miwili. Akanitazama mimi. Nimetazamwa na watu wengi wenye hasira, wachimbaji walevi na wadai, lakini jicho lile sijalisahau. Nikashusha macho. Leticia, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo, akaja akapiga magoti karibu yake. "Bibi, niruhusu," akamwambia. "Hata mimi nimechoka kunyamaza." Walibishana kwa sauti ya chini, Bi Mbuke akilia, mpaka vidole vyake vikaachia.

Walipomgeuza sikukiona kidonda, walikuwa wamenikinga. Nilimwona binti tu. Alifumba macho, akayafumbua, akamwambia matroni aite gari.

Makao hayakufungwa, wala Bi Mbuke hakufukuzwa kama alivyoogopa. Waliagizwa waongeze walezi wa mwisho wa wiki, kila asiyejiweza ageuzwe mara kwa mara mchana na usiku, na mgonjwa mwenye kidonda asikae bila daktari. Nilibaki hapo hadi mavuno, na ninakiri maagizo hayo yalifuatwa. Matroni alikuwa ananisalimia bila kunitazama, na nilimwitikia vizuri tu.

Kidonda cha Bi Mbuke kilichukua mvua zote kufunga. Alikatwa nyama iliyooza, akalazwa tena akashonwa, na alipopona hakurudi kwa shemeji zake kulala na mbuzi. Alirudi kwenye kitanda chake cha dirishani. Lakini siku ninayotaka kumalizia ni ile ya kwanza nilipokwenda kumwona wodini, baada ya mazoezi yangu, Minza akinishika kiuno na mimi nikiburuta mguu.

Tulimkuta amelazwa kwa ubavu, ametutazama. Nikamsalimia, yeye ni mkubwa wangu: "Shikamoo."

Akafumba macho, asiitikie.

Nilijua anachosema. Minza alitaka tuondoke, nikamvuta mkono nikakaa kwenye kiti. Nikakaa nikitazama kope zake. Hakuwa amelala. Niliona aibu na nikaona hasira pia, lakini sikuinuka. Baadaye wauguzi wawili walikuja, wakasema, "Bibi, zamu ya kugeuka," wakamshika kwa shuka, wakamgeuzia upande wa ukutani. Nikamwambia Minza kwa mkono anihamishe kiti. Akakivuta mpaka ukutani, nikabanwa kati ya kitanda na ukuta, uso kwa uso naye.

Kisha Bi Mbuke akavuta pumzi.

"Wananigeuza kama muhindi wa kuchoma," akasema. "Asubuhi wanageuza, usiku wanageuza, silali. Uji wao hauna chumvi. Huyu wa kitanda cha jirani anakoroma. Mgongo unaniuma, mayu, unaniuma, hujui unavyouma."

Tangu nimjue, hilo lilikuwa jibu la kwanza lisilokuwa mhola. Akaendelea kulalamika, uji, nzi, nyonga, shemeji zake, mimi na kiherehere changu, na sikumkatiza hata pale nilipoweza. Alilalamika mpaka kengele ya kutoa wageni ikalia, na muuguzi akaja kutufukuza.